Damu ya Nyani wa Kilangali

Marselina alijikata siku ya Jumatano, mwezi Machi 1976, pembeni ya shamba la mbegu la Kilangali. Alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, na mbele yake amelala nyani jike aliyepigwa risasi muda si mrefu. Tumbo la nyani lilikuwa kubwa. Kazi ya Marselina ilikuwa kulipasua, kulitoa kondo la nyuma lingali na joto, kulikata vipande na kuvitia kwenye vichupa. Kisu kiliteleza, kikapenya glavu ya mkono wa kushoto, kikazama kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba.

Hakupiga kelele. Alitazama damu yake ikitoka kwenye tundu la glavu na kuchanganyika na ile ya nyani, akashindwa kujua ipi ni ipi.

Onesphory, askari wa wanyamapori aliyempiga nyani yule, alikuwa amesimama karibu na bunduki begani.

"Umejikata," alisema.

"Kidogo tu."

"Kamwambie Daktari."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alijifunga kitambaa, akavaa glavu nyingine, akamaliza kazi.

Marselina alikuwa msaidizi wa maabara katika ofisi ya mifugo ya Kilosa, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Mwaka ule aliazimwa kwa Daktari Mathayo, mtafiti wa magonjwa ya wanyama wa porini aliyekuwa na nyumba ndogo ya kazi kule Mikumi. Nyani walikuwa wameshuka kwa wingi kwenye mahindi ya vijiji vipya. Tangu watu wahamishwe na mashamba yaunganishwe kandokando ya pori, makundi yalikuwa yakiingia asubuhi na kutoka yameshiba, na wanavijiji waliomba askari wa kuwapunguza. Daktari naye aliomba kitu kimoja: kila jike mwenye mimba atakayeuawa, asizikwe kabla Marselina hajafika.

Sababu ya kunyamaza kwake ilikuwa hii. Alikuwa amekosa siku zake miezi miwili. Mara mbili kabla ya hapo alishika mimba, na mara zote mbili ikatoka mwezi wa tatu. Ya pili ilipotoka alimwahidi mumewe, Vitalis, kwamba akijaliwa tena ataacha kazi za porini. Sasa alikuwa amejaliwa na alikuwa porini, na aliogopa kuisema mimba ile, kana kwamba ikitajwa itasikia na kuondoka. Nyumbani kwao, Mabwerebwere, alisema kisu cha jikoni ndicho kilichomkata.

Mimba haikuondoka. Mwezi wa tatu ulipita, wa nne ukapita, na tumbo likaanza kuonekana. Ndipo mama mkwe wake, Teresia, alipokuja kutoka kijijini Kilangali na kifurushi cha nguo zake, akasema atakaa mpaka mtoto azaliwe.

"Mwanangu," alimwambia siku ya kwanza, wakichambua mchele uani, "mwanamke mwenye mimba hamtazami nyani usoni. Hiyo kazi yako sasa basi."

"Nimeshaacha, mama. Niko ofisini tu."

"Lakini ulipokuwa huko, ulimtazama?"

Marselina alicheka, na Vitalis akacheka naye. "Mama, huyu amesoma," Vitalis alisema. Teresia hakucheka. Aliinamisha kichwa akaendelea kutoa mawe kwenye ungo.

Mwezi Julai Daktari Mathayo alifika ofisini Kilosa na barua mkononi. Alikuwa mtu mpole asiyependa kuonyesha furaha, lakini siku ile alishindwa kukaa. Vile vichupa vilikuwa vimepelekwa maabara ya ng'ambo, na majibu yalikuwa yamekuja.

"Vyote," aliwaambia Marselina na Onesphory. "Kila jike. Kila kondo la nyuma. Wamekuta virusi humo. Na si ugonjwa walioambukizana. Nyani wanazaliwa navyo."

"Wanazaliwaje navyo?" Onesphory aliuliza.

"Virusi vingi huingia mwilini kama mwizi. Mwili unamfukuza, au yeye anaua. Hivi haviko hivyo. Zamani sana, labda kabla hakujawa na mtu duniani, viliingia kwenye mbegu ya uzazi ya nyani mmoja vikajiandika humo. Mtoto wake akazaliwa vikiwa katika kila chembe ya mwili, na mjukuu vilevile. Leo hakuna nyani asiyekuwa navyo. Wanavirithi kama sisi tunavyorithi jina la ukoo."

"Na vinawaumiza?"

"Nyani haviwadhuru, wameshazoeana." Daktari alitafuta mstari kwenye barua. "Jambo la ajabu ni hili. Walijaribu kuviotesha kwenye chupa, ndani ya chembe hai za nyani wenyewe. Havikuota. Wakavitia kwenye chembe za binadamu. Vikaota vizuri sana."

Marselina alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliuachia, akautia mkono wa kushoto mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Na binadamu hana vya kwake kama hivyo vya kumzoeza?" aliuliza. Sauti yake ilitoka sawa, na hilo lilimshangaza.

"Hivi vya nyani hatuna. Tumbili wa huku Afrika na jamaa zao wanavyo vinavyofanana na hivyo. Sisi hatuna alama yake." Alikunja barua. "Virusi vya jamii hii vikiingia kwa panya vinaleta saratani ya damu. Kwa mtu hatujui. Kwa hiyo nawauliza, na nijibiwe kweli: kuna yeyote aliyejikata wakati wa kazi?"

Onesphory alimtazama Marselina. Marselina alitazama dirisha.

"Hakuna," alisema.

Tangu siku ile akaanza kuishi kama mtu aliyebeba kitu cha kuvuja. Alitenga kikombe chake na sahani yake, akasema ni kichefuchefu. Vitalis akitaka kumalizia chakula alichobakiza, alikimwaga haraka. Alihesabu kila homa na kila kipele. Mtoto akicheza tumboni aliogopa, na akitulia aliogopa zaidi. Alikumbuka utando wa yule nyani, jinsi mishipa ilivyokwenda kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, myekundu na ya buluu, na alijua kwamba ndani yake mwenyewe ipo mishipa kama ile, na chochote kilichoingia kwenye kiganja chake Machi kilikuwa na miezi minne ya kusafiri.

Kilichomtesa kuliko yote ni maneno ya mama mkwe. Alikuwa ameyacheka. Lakini barua ya wasomi ilikuwa imesema nini hasa? Kwamba kitu cha nyani kinaweza kujiandika kwenye mbegu ya kiumbe kingine, mtoto akazaliwa nacho, na mtoto wa mtoto, bila mwisho.

Mwisho wa Julai aliomba ruhusa kazini akaenda stesheni. Vitalis alikuwa karani wa tiketi pale; baba yake naye alikuwa fundi wa reli. Alipomwona mkewe dirishani aliinuka.

"Tiketi ya Mikumi," Marselina alisema.

"Mikumi kufanya nini? Mbona hukuchukuliwa na landrova ya ofisi?"

"Ni kazi yangu binafsi na Daktari."

Vitalis alimtazama kitambo. Nyuma ya Marselina kulikuwa na watu wawili na mizigo. Alipiga muhuri, akampa tiketi bila kuuliza tena, na Marselina aliona kwamba tangu dakika ile mumewe naye ameanza kuogopa kitu, ingawa si kitu kilekile.

Treni ya tawi la Kidatu ilimfikisha Mikumi kabla ya adhuhuri. Kando ya reli nyani walikuwa wameketi wakiokota punje zilizomwagika kutoka kwenye mabehewa. Jike mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa bado mweusi, masikio yakiwa makubwa kuliko kichwa, ameshika manyoya ya mama yake kwa vidole vyembamba vyenye kucha. Jike aligeuka akamtazama Marselina moja kwa moja. Marselina alitaka kuangalia pembeni lakini hakuweza. Walitazamana mpaka treni ilipopiga honi na kundi likatawanyika.

Daktari Mathayo alimkaribisha barazani. Alipomwona tumbo alielewa nusu ya habari, na alipoonyeshwa kovu akaelewa iliyobaki. Alikaa kwenye kiti akavua miwani.

"Mwezi wa ngapi sasa?"

"Wa saba."

"Na ulipojikata ulikuwa unajua una mimba?"

"Nilikuwa nahisi."

Alifuta miwani kwa pindo la shati. Marselina alikuwa amejiandaa kwa karipio, lakini halikuja.

"Ndugu Marselina, sitakudanganya," hatimaye alisema. "Sijui. Watu wameumwa na nyani tangu dunia ianze, na wawindaji wamewachuna kwa mikono mitupu. Mimi mwenyewe nimejikata mara mbili. Kama vingekuwa vinaingia kwa mtu kirahisi, nadhani tungekuwa tumeshaona."

"Unadhani."

"Nadhani."

"Je, vimewahi kuvuka? Kutoka kwa nyani kwenda kwa mnyama mwingine kabisa?"

Daktari aliangalia sakafu. Angeweza kusema hapana, na Marselina angemwamini.

"Kwa paka," alisema. "Paka wa nyumbani wana virusi ambavyo ni ndugu wa hivi. Simba hana, chui hana. Maana yake zamani sana, baada ya paka wadogo na wakubwa kuachana, paka mdogo mmoja alivipata kwa jamaa ya nyani. Labda alimla. Labda aliumwa. Vikaingia kwenye mbegu yake, na paka wote wa ukoo ule wanavyo mpaka leo."

"Paka mmoja tu alitosha?"

"Huenda mmoja tu."

Alimtoa damu, mrija mmoja. Kisha, akichezea kizibo cha ule mrija, akasema ombi ambalo Marselina alikuwa amelitarajia tangu apande treni. Kama angekubali, siku ya kujifungua, angependa kupata kondo la nyuma. Huko ndiko virusi hivi hupenda kujitokeza. Lingepelekwa ng'ambo pamoja na damu, na jibu lingekuwa la uhakika.

Marselina alijiona amelala juu ya turubai, mtu amepiga magoti mbele yake.

"Lote?"

"Kipande kinatosha. Na ni hiari yako."

"Wale majike hatukuwauliza," Marselina alisema, akainua kichwa kuelekea reli. "Nitakupa kipande. Kilichobaki ni cha mama mkwe wangu, akakizike inavyotakiwa. Kwa hiyo sasa itabidi nimwambie."

Aliwaambia mumewe na mama mkwe jioni ileile, kabla ya chakula. Alisimulia tangu mwanzo, kisu, kimya, barua, paka. Vitalis alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Miezi minne," Vitalis alisema mkewe alipomaliza. "Umekaa na jambo hili miezi minne, na mimi nalala hapo hapo."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi sasa nifanye nini? Niogope kuanzia leo?"

Alichukua koti lake la kazi akatoka. Siku tatu hakurudi. Watu walimwona akilala kwenye chumba cha mizigo pale stesheni, na kwa majirani ilisemwa kwamba kuna shughuli ya hesabu ya mabehewa.

Siku ya kwanza Teresia alijishughulisha na kazi. Alipika, akafua, akapita mbele ya mkwewe kama anapita mbele ya msiba. Siku ya pili mchana alimkuta Marselina amekaa chumbani na mikono juu ya tumbo. Aliketi kitandani, akapandisha kanga hadi gotini. Kwenye shavu la mguu palikuwa na kovu refu, la kale, lililokunjamana kama ngozi ya tende.

"Nilikuwa nalinda mahindi," alisema. "Nilidhani ni nyani mdogo, nikamfuata na fimbo. Alikuwa dume. Alining'ang'ania hapa mpaka shemeji yangu akaja na panga."

"Lini, mama?"

"Nilikuwa na mimba ya Vitalis. Miezi mitano."

Marselina aliinama akalitazama kovu lile kwa karibu.

"Wanawake wa kwetu waliambiana nitazaa kitu," Teresia aliendelea. "Sikusikia kwa masikio, lakini niliona walivyokuwa wakinitazama. Alipozaliwa nilimfunua mwili mzima kabla sijamnyonyesha. Nilimwangalia kila siku mpaka alipoanza kutembea. Nilipokwambia usimtazame nyani, hayakuwa maneno ya mila tu. Nilikuwa sitaki mtu mwingine akae na hofu ile."

"Vitalis anajua?"

"Hajui. Ningemwambia nini?"

Alishusha kanga akaenda kuangalia chungu. Ilikuwa faraja, na Marselina aliipokea kama faraja. Lakini alipobaki peke yake akili yake iliendelea kutembea kama ilivyozoea. Jino la dume lililozama nyamani hadi mfupani. Mimba ya miezi mitano. Kama paka mmoja alitosha, basi huenda kitu kile kilikwishaingia katika nyumba hii miaka thelathini iliyopita, kabla yeye hajashika kisu, na mtoto angekipata kwa baba yake.

Vitalis alirudi siku ya nne na samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba stesheni kuna mbu wengi, akakaa karibu naye kuliko kawaida.

Uchungu ulianza katikati ya Septemba, wiki tatu kabla ya wakati. Walimpeleka hospitali asubuhi, na saa nane mchana mtoto alizaliwa, wa kike, mdogo, mwenye sauti nyembamba lakini ya hasira. Mkunga, Sista Hildegarda, alimfuta na kumweka kifuani kwa mama yake. Marselina aliinua kitambaa.

Mabega ya mtoto yalikuwa na nywele. Nyeusi, laini, zimelala kuelekea mgongoni, zikishuka hadi kiunoni, na nyingine pembeni mwa mashavu. Marselina alizigusa kwa ncha ya kidole.

"Sista," alisema. "Hizi ni nini?"

"Zipi? Ah, hizo." Sista Hildegarda alikuwa akiosha mikono, hakugeuka hata. "Wanaowahi kuzaliwa wengi wanazo. Hata sisi tulikuwa nazo tumboni. Zitapukutika hizo, wiki mbili tatu."

"Una hakika?"

Sasa mkunga aligeuka, akamtazama usoni. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nimezalisha watoto zaidi ya elfu moja, mama. Mnyonyeshe."

Marselina alisita. Maziwa pia ni njia. Mtoto alikuwa akitafuta, mdomo wazi, kichwa kikigonga kifua chake. Alimnyonyesha huku akilia bila sauti, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwa kuwa wengi hulia.

Kipande alichomwahidi Daktari alikikata mwenyewe. Aliomba beseni, akaomba kisu, akakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakitia kwenye kichupa. Kilichobaki Teresia alikifunga kwenye kitambaa akaondoka nacho. Nywele zilipukutika wiki ya tatu. Walimwita mtoto Costancia.

Jibu lilichukua miezi saba. Katika miezi ile Marselina hakumwacha mtoto apimwe uzito na mtu mwingine, wala hakumwacha paka wa jirani akanyage kizingiti. Aprili 1977 Daktari Mathayo alikuja mwenyewe nyumbani, Mabwerebwere, akakaribishwa kiti.

"Vya nyani havimo," alisema kabla hata hajakaa vizuri. "Si kwenye damu, si kwenye kondo."

Vitalis alitoa pumzi ndefu, akafunika uso kwa mikono. Teresia alisema alhamdulillahi, ingawa alikuwa Mkristo. Marselina peke yake aliendelea kumtazama Daktari, kwa kuwa aliona hajamaliza.

"Kuna nini kingine?"

"Hakuna cha kuogopa. Ila kwa darubini yao kubwa wameona chembe fulani kwenye kondo lako. Zinafanana na virusi vya jamii ile, lakini si vya nyani. Wameshaziona kwa wanawake wengine, wazima kabisa. Wanadhani ni vya kwetu, vya binadamu. Vya kurithi."

"Nilivipata wapi?"

"Kwa mama yako, au baba yako. Na wao kwa wao. Mbali huko, ambako hakuna jina."

"Na mtoto anavyo?"

"Kama wanadhani sawa, anavyo. Mimi ninavyo. Sote hapa."

Vitalis aliinua uso. "Vinafanya nini?"

"Hakuna ajuaye," Daktari alisema. "Vimekaa tu. Labda vimelala. Labda kuna kazi vinafanya."

Daktari alikunywa chai, akaaga, akaenda kuwahi treni. Marselina alirudi kazini mwezi uliofuata, akaomba apelekwe upande wa maziwa, na akakubaliwa. Hofu ya nyani ilimtoka polepole, kama homa inayopungua kila siku nyuzi moja. Ile nyingine, ya vile vilivyolala ndani yao wote, haikumtoka. Ilikuwa ndogo, isiyo na haraka, na alizoea kuwa nayo. Costancia alipokuwa na miaka mitatu, minne, kila alipomwogesha jioni uani Marselina alimpapasa chini ya taya na kwapani, akitafuta tezi zilizovimba, dalili ya saratani ya damu. Mtoto alitekenyeka, akacheka, akajipinda kwenye beseni.

"Mama, unatafuta nini?"

"Uchafu," Marselina alimjibu, akachota maji mengine.